Kamati ya Maandalizi

Wajumbe wa miguu miwili walikuwa wameshaondoka. Walikaa saa mbili nzima chini ya mkorosho, pembeni ya uwanja mmoja wa Ukonga, Dar, wakijadili kama timu yao ya mpira wa magongo iandae mechi kubwa ya kila mwaka, hapahapa mtaani, nje, machoni pa watu. Wakaafikiana kwamba wataafikiana wiki ijayo. Nyuma yao walibaki gongo la zamani lililoegemezwa mtini, kiti cha plastiki cha kukodi ambacho mwenyewe hajaja kukichukua, na karatasi ya bajeti iliyokandamizwa kwa jiwe.

Mbuzi jike aliyekuwa akijilisha karibu na goli la upande wa Mombasa (ya Ukonga, si ya Kenya) akasogea. Kunguru akashuka kutoka kwenye waya wa umeme. Ndege ya abiria ikapita chinichini ikienda kutua, na wote wakanyamaza hadi mlio uishe, kama wafanyavyo wenyeji wa huku hata wakiwa katikati ya ugomvi. Kisha kikao kikaendelea.

KUNGURU: Ndugu wajumbe, akidi imetimia. Katibu ni mimi.

BI MBUZI: Umechaguliwa lini, mwanangu?

KUNGURU: Nilikuwa juu wakati wenyewe wanajadili, Bi Mkubwa. Aliye juu ndiye mwenye taarifa, na mwenye taarifa ndiye katibu. Wewe utatuongozea kikao, maana hakuna anayeshinda uwanjani kuliko wewe.

KITI: Shikamoo, Bi Mkubwa. Kama wewe ndiye mwenyekiti, karibu ukae.

BI MBUZI: Marahaba. Sijazoea kumkalia mwenzangu. Nitasimama.

KUNGURU: Ajenda ni moja. Timu iandae au isiandae?

GONGO: Iandae! Niacheni nianze, maana kati yetu mimi peke yangu ndiye mchezaji. Miezi yote hii nimekaa nyuma ya mlango wa kocha, natungulia maembe na kufukuzia paka. Siku vijana wakinibeba kwenda mazoezini, kondakta wa Gongo la Mboto anauliza kama mimi ni silaha. Juzi mama mmoja wa Mazizini aliuliza bei yangu. Alidhani mimi ni mwiko wa shughuli, wa kusongea ugali wa watu mia mbili. Sasa nambieni, mchezo usiojulikana hata kwa sura utapata wachezaji wapi? Simba wana siku yao kila mwaka. Yanga wana Wiki ya Mwananchi. Watu wanajaza Uwanja wa Mkapa kwenda kutambulishiwa wachezaji, mpira wenyewe bado haujaguswa. Sisi hatutaki watu elfu sitini. Tunataka wenye nyumba zinazozunguka uwanja huu watoke barazani siku moja, watazame.

BI MBUZI: Watazame nini, Mzee Gongo?

GONGO: Watu kumi na moja kwa kumi na moja. Robo nne za dakika kumi na tano. Unapiga kwa upande huu wangu bapa tu; ukipiga kwa huu wa mviringo, filimbi. Mpira mgumu, gramu 160 hivi.

BI MBUZI: Huo naujua. Ulinipata gotini wakati wa masika, bado nachechemea asubuhi. Ulikuwa unatambaa vizuri, ukakutana na kokoto, ukaruka kama chura. Kocha alikuja kuokota mpira. Pole hakunipa.

GONGO: Pole, Bi Mkubwa. Ila usiudharau mchanga. Kwenye vumbi na nyasi za namna hii ndiko walikofundishwa waliokwenda Moscow, Olimpiki ya mwaka 1980.

KUNGURU: Wakapigwa kumi na nane bila.

GONGO: Na India! Mbona humtaji aliyewapiga? India iliyochukua dhahabu!

KUNGURU: Hispania kumi na mbili, Muungano wa Kisovieti kumi na moja, Poland tisa, Cuba nne. Kwenye hatua ya makundi peke yake yaliingia magoli hamsini na manne. Timu zilikuwa sita, Tanzania ikawa ya sita.

GONGO: Na yetu tuliyofunga kwenye makundi hayo?

KUNGURU: Matatu.

GONGO: Matatu ya Olimpiki! Haya, nitajieni timu ya soka ya Tanzania yenye goli hata moja la Olimpiki. Nasubiri. (Akasubiri. Daladala mbili zikapita.) Hakuna, kwa sababu soka letu halijawahi kufika huko. Lakini wenye lango lililoingiwa hamsini na manne ndio mnaowacheka.

KUNGURU: Watu wanakumbuka medali, mzee. Michezo hiyohiyo, Filbert Bayi alirudi na fedha, Suleiman Nyambui akarudi na fedha.

GONGO: Wale walikwenda na miguu yao. Mguu hauhitaji uwanja wa kuagizwa ng'ambo. Sisi tulifika Moscow tukakuta wanachezea nyasi bandia, na nyumbani hapakuwa na uwanja hata mmoja wa aina hiyo. Olimpiki ilihamia huko tangu Montreal, mwaka 1976. Kabla ya hapo, kwenye nyasi za Mungu, Wakenya walishika nafasi ya nne Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona, mwaka 1971. Nne duniani! Nyasi zilipogeuzwa plastiki, sisi wa ukanda huu tukabaki tunapunga mkono.

KITI: Plastiki ina ubaya gani?

BI MBUZI: Hailiki. Uwanja usioliwa si uwanja, ni zulia.

GONGO: Hata hivyo ule wa Kidongo Chekundu, kwenye kituo cha vijana chenye jina la Kikwete, umetusaidia sana. Zulia hilo hilo ndilo vijana wetu wanalipia nauli ya kwenda na kurudi ili walikanyage. Mwenye nauli anakuwa mchezaji mzuri, asiye nayo anabaki beki wa mtaani.

(Hapo ndipo palipokuwa na mjadala wenyewe, kama kamati ingependa kujadili. Lakini Kiti alikuwa amevumilia vya kutosha.)

KITI: Samahani, Mwenyekiti. Mimi Jumamosi nakuwa harusini, Jumapili kipaimara, Jumatatu msibani. Shughuli nazijua kwa makalio. Naona mnazungumzia nyasi na magoli, hamjagusa jambo la msingi. Mgeni rasmi ni nani?

KUNGURU: Wenyewe walitumia saa moja na nusu kwenye kipengele hicho.

KITI: Ndio utaratibu. Mgeni rasmi akipatikana, shughuli imekwisha kufanikiwa, iliyobaki ni kuifanya tu. Mechi ni saa kumi jioni, yeye atafika saa kumi na moja na nusu. Utambulisho wa meza kuu, nusu saa. Risala ya timu, ambayo ndani yake kuna changamoto kumi na mbili. Atazijibu tatu kwa ahadi na tisa kwa kusema amezipokea. Kisha atakagua timu, apige mpira wa ufunguzi.

GONGO: Kwa mguu?

KITI: Kwani wanapigaje?

GONGO: Kwa mimi! Na mtu asiyejua ataninyanyua juu ya kichwa kama anachanja kuni, atampata mwenyekiti wa mtaa aliye nyuma yake.

KITI: Basi apige kwa mguu. Picha itatoka vizuri tu.

BI MBUZI: Na mechi itachezwa saa ngapi? Jua la Dar likizama halingoji risala.

KITI: Mechi... (akaifikiria kwa mara ya kwanza) ...mechi inaweza kuwa fupi.

KUNGURU: Naomba tujifunze kwa wenzetu. Mimi nakaa sana kwenye uzio wa uwanja wa ndege, habari za nje zinanipitia. Kule Marekani na Kanada wana magongo yao ya barafu. Mwaka mzima wanachezea ndani, chini ya paa, kwa mitambo ya kugandisha maji. Lakini tarehe 1 Januari 2008 waliutoa mchezo nje, mji wa Buffalo, theluji inawaangukia kichwani. Watu 71,217 walilipa viingilio kwenda kutetemeka. Tangu hapo karibu kila mwaka wanarudia. Mwaka 2014 kule Michigan walipita laki moja.

BI MBUZI: Wana paa, wakatoka nje?

KUNGURU: Wanasema inawakumbusha utotoni, walipokuwa wakichezea kwenye mabwawa yaliyoganda.

BI MBUZI: Na wa kwetu hawajawahi kuingia ndani. Mwaka mzima wako juani. Sasa hiyo siku maalumu ya kutoka nje, watatoka wapi?

KUNGURU: Hoja nzito.

KITI: Basi sisi tugeuze! Kila siku wako nje, siku ya sherehe tuwaingize ndani. Kuna kumbi za harusi nzuri tu, zina feni, zina jukwaa la maharusi. Mgeni rasmi akae palepale kwa maharusi.

BI MBUZI: Mchezo wa ndani, hapa Ukonga? Bandika tangazo hilo uone. Watu watauliza saa za kutembelea, wataleta sabuni na dawa ya meno.

(Wakatazama upande wa gerezani, wakashusha sauti.)

PANZI: Taarifa, Mwenyekiti!

BI MBUZI: Nani huyo?

PANZI: Mimi hapa, kwenye bua. Nazungumzia mbali kwa sababu katibu tunajuana. Huo mfano wa Marekani haujakamilika. Mwaka 1991, mwezi Septemba, walipeleka barafu jangwani, Las Vegas, kwenye maegesho ya magari ya hoteli. Los Angeles Kings na New York Rangers. Taa zilipowashwa, jamaa zangu wakaufuata mwanga kama ada yetu, wakatua kwenye barafu kundi baada ya kundi. Walikwenda kama watazamaji, wakaishia kuwa sehemu ya uwanja. Naomba hilo liingie kwenye tathmini ya athari.

KUNGURU: Unasema walilala pale, wengi, tena wakiwa baridi?

BI MBUZI: Katibu, futa mdomo.

KUNGURU: Nilikuwa naandika tu, Bi Mkubwa. Kuna mfano wa jirani zaidi. Nairobi, Barabara ya Mombasa, hoteli ya Panari ina ukumbi wa barafu tangu mwaka 2005. Vijana wakaunda timu, Ice Lions. Wakafanya mazoezi wakaiva, tatizo likawa moja: hapakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ikawapandisha ndege mpaka kwao, wakavaa jezi na kucheza pamoja na akina Sidney Crosby. Dunia nzima ikalia kwa furaha.

BI MBUZI: Walivuka bahari kumtafuta mpinzani?

KUNGURU: Walivuka.

BI MBUZI: Na sisi mpinzani wetu ni nani?

Hapo palizuka ukimya wa aina ambayo vikao vingi huuogopa. Kunguru akaondoa jiwe juu ya karatasi, akaipitia kwa mdomo. Hema nne. Viti mia tatu. Meza kuu na kitambaa chake. Maji ya chupa, makubwa kwa meza kuu, madogo kwa wengine. Spika na jenereta, kwa sababu umeme haudhaminiki. MC. Mpiga picha. Ngoma ya utamaduni. T-sheti za kamati, za wachezaji, na za "wadau". Kombe, lenye urefu usiopungua futi mbili. Mwisho kabisa, kwa kalamu nyingine, mtu aliongeza: mipira 2.

KUNGURU: Mpinzani hayumo.

KITI: Atakuwa kwenye mengineyo.

GONGO: Jamani, wapinzani wapo! Kuna wanaocheza pale Kidongo Chekundu. Kuna wanajeshi. Moshi kuna Khalsa, klabu ya siku nyingi. Tatizo wa Moshi wanahitaji basi, mahali pa kulala na chakula.

BI MBUZI: Ngoma ya utamaduni ingelipia basi.

KITI: Bila ngoma mgeni rasmi ataingiaje? Atembee tu kama mtu?

BI MBUZI: Sikilizeni. Mimi sikusoma, lakini uwanja huu naujua kila unyasi kwa jina. Mwaka una Jumamosi hamsini na mbili. Ninyi mnaitaka moja. Mimi nauliza hizo hamsini na moja. Jumamosi iliyopita walikuja vijana tisa na magongo sita. Watatu wakakaa hapo mkoroshoni wakisubiri mwenzao achoke. Mtoto wa jirani, wa darasa la nne, akaja akaomba kujaribu, akaambiwa asubiri. Akasubiri mpaka magharibi, akaenda zake kucheza chandimu na wenzake kule barabarani, mpira wa makaratasi, ambao hausubiriwi. Sasa nyie mnamwandalia mtoto yule siku kubwa aje atazame magongo akiwa amekaa kwenye kiti.

KITI: Kukaa kwenye kiti si aibu.

BI MBUZI: Bei ya hizo T-sheti ingenunua magongo mangapi, Mzee Gongo?

GONGO: Ya kutosha. Lakini nivumilie, Bi Mkubwa, hapo ndipo nisipokubaliana na wewe. Umewahi kumwona mdhamini akija kwenye mazoezi ya Jumamosi? Mdhamini haoni kitu kisicho na hema. Ukimwandikia barua kwamba watoto watatu hawana magongo, hajibu. Ukimwandikia kwamba kuna tamasha, mgeni rasmi na kamera, anakuuliza nembo yake itakaa wapi. Siku ile kubwa ni uongo, nakubali. Ila ni mlango pekee ulio wazi, na mimi nimechoka kukaa nyuma ya mlango.

(Mwandishi wa kumbukumbu hizi anakiri kwamba hapa mbuzi alikosa jibu kwa muda, naye pia. Angalia soka la mchangani: viwanja kama Kinesi vilikuwepo na vumbi lake miaka nenda rudi, mpaka Ndondo Cup ilipokuja na kamera ndipo waliojifanya hawavijui wakaanza kuvijua.)

BI MBUZI: Basi mdhamini aweke nembo kwenye magongo badala ya T-sheti.

KITI: Gongo ni jembamba, jina la kampuni halienei.

GONGO: Lakini T-sheti ya tamasha baada ya mwezi inapigia deki, na mimi nimeishi kuliko makocha watatu. Ukoo wetu ulikuja huku na meli kutoka India, enzi za Mwingereza.

KUNGURU: Sisi pia! Miaka ya 1890, mpaka Zanzibar, tuje tule taka. Na mkitaka ushauri wangu kama mdau wa taka, tamasha lifanyike. Viti mia tatu ni sahani mia tatu.

BI MBUZI: Sahani za nini? Hapo kwenye karatasi sijasikia chakula.

KUNGURU: Kiko ukurasa wa nyuma.

BI MBUZI: Soma.

KUNGURU: Si lazima leo, Bi Mkubwa. Tunaweza kuunda kamati ndogo.

BI MBUZI: Soma, mwanangu.

KUNGURU: (akigeuza karatasi polepole) "Zawadi. Mshindi wa kwanza: kombe na... mbuzi mmoja. Mshindi wa pili: kreti mbili za soda. Mbuzi ataandaliwa palepale uwanjani kwa ajili ya supu ya timu zote mbili, ili kudumisha undugu."

Ndege nyingine ikapita. Safari hii hata mlio ulipoisha, hakuna aliyesema. Panzi aliruka mabua mawili nyuma, kwa heshima.

KITI: Ni mbuzi mmoja tu. Hawajaandika yupi.

BI MBUZI: Uwanja huu una mbuzi wangapi?

KITI: ...

GONGO: Bi Mkubwa, naomba ijulikane sikushirikishwa. Mimi nilikuwa nimeegemezwa.

KUNGURU: Ndio desturi ya mabonanza yote, mama. Kwenye soka la mtaani wanagombea mbuzi, wakubwa wanagombea ng'ombe. Wahenga walisema, mgeni njoo...

BI MBUZI: Mwenyeji apone. Naijua. Sasa mimi mwenyeji ninapona vipi?

KUNGURU: Kila mwaka ungekumbukwa.

BI MBUZI: Na kwa kuwa ni ya kila mwaka, kila mwaka mmoja.

KUNGURU: Ndiyo maana ya uendelevu.

GONGO: Natoa pendekezo! Mshindi apewe magongo kumi. Na aliyeshindwa apewe magongo kumi, maana ndiye anayeyahitaji zaidi. Mbuzi aondolewe kwenye zawadi, aingizwe kwenye matunzo ya uwanja. Anakata nyasi bure, anaweka mbolea bure, na hajawahi kudai posho.

KITI: Gongo haliliwi. Watu wa Ukonga watakuja kushangilia nini?

PANZI: Wapeni soda. Mimi naunga mkono soda.

KUNGURU: Utaratibu, ndugu wajumbe, utaratibu! Bajeti hairekebishwi kipengele kimoja kimoja. Ama inapita yote au inakwama yote. Nitaiweka hapa chini mbele ya Mwenyekiti, kila mjumbe atapiga kura kwa... Bi Mkubwa. Bi Mkubwa! Hiyo ni nakala pekee! Wenyewe wanakuja Jumamosi, wataiuliza!

BI MBUZI: (akitafuna, akianzia ukurasa wa nyuma) Waambie Mwenyekiti ameipitisha.